Karatasi za Karatina na masanduku yetu ya pwani

Ukimtajia mtu wa Mombasa jina la Karatina atakujibu kabeji, viazi na karoti. Hana makosa. Soko la Karatina ni miongoni mwa masoko makubwa ya wazi katika Kenya, mboga za nchi hiyo hufika mpaka kwetu, na baridi yake ya mwezi wa Julai humlazimisha mtu wa pwani kuvaa koti zito juu ya kanzu, akapita sokoni huku akitazamwa. Lakini leo sitaki kuzungumza mboga. Nataka kuzungumza karatasi. Katika mji huo aliishi mtu mmoja ambaye, kwa upande wa kuhifadhi maandishi, ametushinda wengi wetu sisi tunaojivunia kwamba wazee wetu walikuwa wakitunga tenzi na kuziandika zamani kabla ya reli kujengwa. Jina lake ni Gakaara wa Wanjau.

Gakaara alizaliwa mwaka 1921 katika nchi ya Mathira, mwana wa kasisi wa Kipresbiteri. Alisoma Tumutumu, misheni ya Waskoti iliyo karibu na Karatina, kisha akaenda shule ya Alliance, ambako alifukuzwa mwaka 1940 baada ya mgomo wa wanafunzi. Vita Vikuu vya Pili vikamchukua, akawa karani katika jeshi la Mwingereza, akafika mpaka Uhabeshi. Aliporudi aliishika kalamu na hakuiacha tena. Kitabu chake cha kwanza, cha lugha ya Kikuyu, kilitoka mwaka 1946. Mwaka 1948 akaandika kijitabu kwa Kiswahili, nacho akakiita Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika. Naomba msomaji alishike jambo hilo: miaka kumi na mitano kabla ya Uhuru, kijana wa Mathira alipotaka kusema na Waafrika wote, alisema nao kwa lugha yetu.

Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952, serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari, Gakaara alikuwa mmoja wa waliokamatwa. Kosa lake lilikuwa maandishi, na hasa ile imani ya Gikuyu na Mumbi aliyoitunga kwa mfano wa imani wanayoisoma Wakristo kanisani. Hakupelekwa mbele ya hakimu. Alizungushwa kambi hadi kambi kwa miaka, na moja ya kambi hizo iliitwa Takwa.

Hapo ndipo kisa chake kinapoingia nyumbani kwetu. Takwa ni yetu. Ni magofu ya mji wa Waislamu katika kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu, wenye msikiti wake wa mawe na kaburi lake la nguzo, mji uliohamwa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Kambi ya wafungwa ilichukua jina la mji huo. Watu wa mlimani, ambao wengi wao hawajapata kuiona bahari, waliletwa wakafungiwa kwenye mchanga na mikoko yetu, wakaambiwa wasahau kwao. Na Gakaara, katika hali hiyo, alikuwa akiweka kumbukumbu za siku zake kwa siri, kwa lugha ya mama yake.

Sasa fikiri kidogo, ndugu msomaji. Upande mmoja wa mkondo yuko mfungwa anayeandika kwa kujificha, ambaye karatasi yake ikionekana itamtia katika mashaka. Upande wa pili ni mji wa Lamu, nyumba za mawe zenye vidaka vya kuwekea vyombo, na ndani ya nyumba hizo masanduku ya vyuo vilivyoandikwa kwa raha na watu huru. Nasema vyuo kwa maana yake ya kale, maana ya kitabu, kama wazee wetu walivyosema. Hivyo vyuo viwili, cha mfungwa na cha mwenye nyumba, vilikuwa karibu kiasi cha safari fupi ya dau. Ungeulizwa wakati ule ni kipi kitakachoishi, ungejibu nini?

Kilichoishi kwa hakika ni cha mfungwa. Kitabu cha kumbukumbu zake kilichapishwa kwa Kikuyu mwaka 1983, kikapata Tuzo ya Noma mwaka 1984, na mwaka 1988 kikatoka kwa Kiingereza. Mwenyewe alikuwa na duka la vitabu na kiwanda chake cha kupiga chapa hapo Karatina, akitoa vitabu vidogo vidogo na gazeti lake la Gikuyu na Mumbi, mpaka alipofariki mwaka 2001. Wataalamu walimfuata huko huko. Bibi Cristiana Pugliese, Mtaliana, alichapisha mwaka 1995 kitabu kizima juu ya maisha na maandishi yake. Bwana Derek Peterson, mwanahistoria wa Marekani, alizitumia karatasi zake katika kitabu alichokitoa mwaka 2004. Chuo Kikuu cha Yale nacho kina mkusanyiko wa karatasi za Gakaara kwa ajili ya wanaotaka kuzisoma. Yote hayo kwa sababu mtu mmoja, katika mji wa soko, alikataa kuzitupa karatasi zake.

Hakuwa na jumba la makumbusho. Hakuwa na msaada wa mfalme wala wakfu wa tajiri. Wanaposifu uhifadhi wa hati za kale, watu hupenda kutaja mahali pa mbali na pa ajabu, na pa mbali kuliko pote ni nyumba ya watawa ya Mtakatifu Katarina, chini ya Jabal Musa katika Sinai. (Karatina na Katarina: majina yamekutana kwa bahati tu, asije mtu akaniletea asili ya neno.) Sisi tunaosoma Wattini wazzaituni tunaijua Turi Sinina tangu utotoni, kabla ya kuambiwa iko nchi gani. Nyumba hiyo ilijengwa katika karne ya sita kwa amri ya Kaisari Justinian wa Rumi. Ndani ya kuta zake mna msikiti mdogo wa zama za Mafatimi, na watawa wake, ambao ni Wakristo wa Kiorthodoksi, huonyesha nakala ya ahadi ya ulinzi wanayoinasibisha na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie. Wataalamu wanabishana juu ya asili ya hati hiyo, lakini kwamba watawa wameishika karne zote hizo wakaitegemea kwa watawala Waislamu, hilo halina ubishi.

Maktaba yao ina hati za mkono zaidi ya elfu tatu, na kiasi cha mia sita kati ya hizo ni za Kiarabu. Mwaka 1975, katika kusafisha upande wa kaskazini wa ukuta, waligundua chumba kilichojaa hati nyingine ambazo hakuna aliyekuwa akizikumbuka. Na tangu mwaka 2011 wataalamu walikwenda na taa za rangi mbalimbali na kamera za namna ya pekee, wakawa wanasoma maandishi yaliyofutwa. Zamani ngozi ilikuwa ghali. Mwandishi aliweza kuikwangua ngozi ya kale na kuandika juu yake jambo jingine. Kwa zile taa, maandishi ya chini huonekana tena, mengine ya lugha ambazo hazina tena msemaji.

Habari hizo ni nzuri, na mimi huzifuata kwa hamu. Lakini kuna habari nyingine ya Sinai inayonikaa zaidi moyoni. Mjerumani Tischendorf alifika huko mwaka 1844, na baadaye akasimulia kwamba alizikuta kurasa za Biblia ya Kiyunani ya karne ya nne ndani ya kikapu, zinangoja kutiwa motoni. Watawa wanalikana neno hilo mpaka leo. Alirudi mwaka 1859, akaondoka na sehemu kubwa ya kitabu hicho kwenda kwa Mfalme wa Urusi, akaacha hati ya mkono wake kwamba atakirudisha kikitakiwa. Hakikurudi. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti ilikiuzia Uingereza kwa pauni laki moja, na kiko London. Watawa wameitunza ile hati ya ahadi. Mtu aweza kubishana nani alikuwa na haki, lakini hawezi kusema kwamba wenyewe hawakujua kilichochukuliwa.

Sisi, je, tunakijua kilichochukuliwa? Na zaidi ya hapo, tunakijua tulichokitia wenyewe motoni?

Nisemalo hapa si la kumvunjia mtu heshima. Dini imetufundisha adabu ya karatasi. Yenye maneno ya Mwenyezi Mungu ikichakaa haitupwi jaani wala haikanyagwi. Huzikwa mahali safi, au huchomwa, na wako wanaoitia baharini. Sayyidna Uthman, Mungu amuwie radhi, misahafu ilipokwisha kunakiliwa aliamuru nyingine zichomwe, na hakuna mwanachuoni anayelaumu. Tatizo ni kwamba adabu hii njema imeangukia mikononi mwa watu wasiojua wanachokizika. Mzee hufariki. Watoto wake hufungua sanduku, wakaona herufi za Kiarabu, wakasema hizi ni Kurani. Huzikunja kwa kitambaa cheupe, wakazipeleka ufukweni maji yakijaa, wakasoma Fatiha na kurudi nyumbani wameridhika.

Najua nyumba moja, mji sitautaja, ambapo hilo lilitendeka kwa sanduku zima. Ukurasa mmoja ulikuwa umegandamana na ubao wa chini ya sanduku, ndio uliosalia. Niliusoma. Haukuwa Kurani wala Hadithi. Ilikuwa hesabu ya jahazi: boriti kadhaa, magunia ya mtama, fungu la nahodha na mafungu ya mabaharia, yote kwa Kiswahili. Kwa mwanahistoria ukurasa kama huo una thamani ya shamba. Katika sanduku mlikuwa na kurasa ngapi na zilisema nini, bahari ndiyo ijuayo.

Ndugu zetu wa Yemen walikuwa na hekima ya aina nyingine. Kule San'a, juu ya dari ya Msikiti Mkuu, wazee waliweka ngozi za misahafu iliyochakaa, badala ya kuichoma. Mwaka 1972, katika kutengeneza msikiti, mafundi wakazikuta, maelfu ya vipande, na kati yake mna maandishi ya karne ya kwanza ya Hijra. Adabu ilitimizwa, na elimu haikupotea. Msikiti ulifanya kazi ile ile ya nyumba ya watawa.

Wako wenzetu ambao kila likitajwa jambo hili huwalaumu Wazungu. Wametuibia, husema, vyuo vyetu viko London na Hamburg. Mimi siungi mkono maneno hayo yote. Padre W. E. Taylor alipokaa Mombasa katika karne ya kumi na tisa alikusanya mashairi ya Muyaka bin Haji, ambaye alikwisha kufariki tangu 1840. Aliyemfafanulia mashairi hayo, mstari kwa mstari, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Karatasi hizo zimo katika chuo cha SOAS mjini London, na William Hichens alizitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz alipokuja kuandika kitabu chake juu ya Muyaka, kilichotoka 1979, alikuwa na mahali pa kuanzia. Lau si Taylor, Muyaka angelikuwa leo beti chache katika vinywa vya wazee. Na lau si Mwalimu Sikujua, Taylor angelikuwa na rundo la karatasi asilolielewa. Huyu wa pili ndiye tunayemsahau. Vivyo hivyo na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, malenga, mchonga milango na fundi wa khati, ambaye aliwanakilia Wazungu tenzi nyingi kwa malipo. Waliomlaumu enzi zake kwa kuuza elimu wamesahauliwa, na alichokinakili kinasomwa.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi zaidi, maana chuo hakihitaji kusafiri. Vyuo vya msikiti wa Riyadha wa Lamu, alioujenga Habib Saleh, vilipigwa picha kwa mradi uliosaidiwa na Maktaba ya Uingereza, na Bibi Anne Bang wa Norway ameandika mengi juu yake. Vingi ni vya Kiarabu: fiqhi, nahau, tasawufi, maulidi. Picha zinaonekana katika intaneti, na vyuo vyenyewe vikabaki nyumbani. Huo ndio mwendo ninaoupenda, na Riyadha wanastahili kushukuriwa kwa kufungua makabati yao.

Lakini picha haijisomi. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye hatari na watu hawapaoni. Gakaara aliandika kwa herufi za Kirumi. Mjukuu wake yeyote aliyepita shule ya msingi na anayejua Kikuyu anaweza kuzichukua karatasi hizo akasoma. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na tena kwa mtindo usiotenga sauti zote. Herufi ya be yaweza kuwa b, au p, au mb. Fe yaweza kuwa f au v. Kasra ni i na pia ni e. Dhuma ni u na pia ni o. Neno lile lile laweza kusomwa bata au pata. Mwanachuoni wa Kiarabu aliyetoka Misri au Madina na shahada yake hawezi kulisoma, kwa sababu si Kiarabu. Profesa wa Kiswahili wa Nairobi naye hawezi, kwa sababu hajui herufi. Anayeweza ni yule aliyekaa chuoni akasoma juzuu, kisha akakaa barazani akasikia tenzi, akajua mizani na vina. Kina ndicho kinachomwambia kwamba hapa ni e wala si i. Kama lugha ya utenzi ni Kiamu na msomaji hajui ila Kiswahili cha magazeti, atakwama ubeti wa pili.

Mimi nilianza alifu kwa ubao na kijiti cha wino wa masizi, na niliposhika utenzi wa mkono kwa mara ya kwanza nilidhani nitausoma kama maji. Mwalimu wangu alinikalisha mwezi mzima juu ya kurasa nne. Watu wa namna yake wamekwisha pungua. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany alifariki mwaka 2017, na aliondoka na maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Kila anayeondoka hivyo, vyuo vingine vinafungika, hata vikiwa vimepigwa picha safi namna gani.

Basi ninachokidai si kikubwa. Kila mtoto wetu wa madrasa anazijua herufi. Amekwisha pita theluthi mbili ya njia bila ya kuambiwa. Walimu wa madrasa, kuanzia Lamu mpaka Vanga, wampe alasiri moja katika wiki asome Kiswahili kwa herufi hizo hizo: kwanza barua, halafu ubeti wa utenzi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, mwanachuoni mkubwa wa Mombasa, alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu katika miaka ya 1930 na akaona ni sehemu ya kuamsha umma. Hatutakuwa tumezua bidaa. Kaunti zetu zina idara za utamaduni, ambazo kazi yake naona ni kuandaa ngoma wakati wa wageni. Na zilipe wazee wanne au watano kwa kufundisha.

Na mwenye sanduku nyumbani, kabla ya kitambaa cheupe, amwite anayejua. Asibandike kurasa kwa gundi ya karatasi ya plastiki, maana gundi hiyo huila karatasi kuliko mchwa. Asizianike juani. Azitoe chini, mbali na ukuta unaovuja chumvi, azifunge kwa kitambaa cha pamba. Simu ya mkononi yatosha kupiga picha, karibu na dirisha, bila ya taa ya simu, ukurasa baada ya ukurasa kwa taratibu, na picha ya kwanza iwe ni karatasi iliyoandikwa jina la mwenye nyumba na mtaa wake. Zikisha kusomwa, zilizo za kuzikwa kwa sheria zizikwe.

Nimemwambia hayo bwana mmoja wa Mombasa, akanijibu kwa neno la maana. Akasema: humo mna wasia, mna talaka, mna deni ambalo babu yangu hakulilipa, na nani amenunua mtumwa wa nani, unataka ulimwengu usome? Sikumcheka. Nyumba ina siri zake, na mgeni mwenye kamera hana haki ya kuuliza yote. Nilimwambia amtafute msomaji wa ukoo wake au jirani anayemwamini, wakae wawili mlango umefungwa, watenge. Za aibu zirudi sandukuni na ufunguo abaki nao yeye. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza katika mtaa wao ni nani aliyebaki anayejua kusoma. Nilimtajia watu watatu. Wa kwanza, akaniambia, tumemzika mwezi uliopita.